Mwalimu Benedikta Margwe, Aliyepima Vitu Vipitavyo Bila Kugonga

Baba Paroko, wazee wa ukoo, viongozi wetu, walimu, na ninyi majirani mliopanda kutoka Katesh, Mogitu na Endagikot kuja kutusitiri leo, familia ya Mzee Michael Margwe inawasalimu, wazee wetu shikamooni, na inaomba usikivu wenu wakati tukimweleza binti yetu kama tulivyomwona, tangu siku alipoingia katika nyumba hii mpaka alipotolewa humo asubuhi ya leo.

Marehemu Benedikta Michael Margwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Tumati, Wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Michael Margwe na Mama Jenifa, ambao wote wawili walikwisha kututangulia, akabatizwa mwezi uliofuata, akakua akichunga ndama pamoja na watoto wenzake. Alikuwa mtoto wa kutazama kuliko kusema, na alipopeleka ndama mtoni alisimama muda mrefu akiangalia maji yanavyogawanyika mbele ya jiwe na kuungana tena nyuma yake, mpaka mama yake amwite kutoka juu kwa hasira, "We Benedikta, hao ndama wamekunywa mpaka wamelewa, rudi nyumbani!", naye alirudi kwa mwendo wake uleule, bila kukimbia na bila kujibu.

Elimu ya msingi aliipata hapa kijijini kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, na mwaka 1983 alichaguliwa kujiunga na sekondari ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986 na kidato cha sita mwaka 1989 katika mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, kisha baada ya kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mwaka mmoja aliingia chuo kikuu jijini Dar es Salaam, akatunukiwa shahada ya kwanza ya sayansi na ualimu mwaka 1994. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo aliajiriwa kuwa mwalimu wa Fizikia katika shule moja ya sekondari mjini Katesh, chini ya Mlima Hanang, na hapo alifundisha kwa karibu miaka thelathini, na wengi mliokaa mbele yetu leo mmepita katika mikono yake, wengine mkiwa bado mnakumbuka uzito wa macho yake mlipokosea alama ya kujumlisha.

Kuhusu ndoa, mnamo mwaka 1995 Mwalimu alisikia kwamba mtaalamu wa uhimilishaji wa mifugo, Bwana Lameck Hermani, anazunguka vijijini kwa pikipiki akiwa na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, ile baridi kali kuliko barafu inayotunza mbegu za madume, akamfuata kumwomba kidogo ili wanafunzi waone jani la mgomba likiganda na kuvunjika kama kioo. Bwana Lameck alimwambia, "Mwalimu, huu mtungi siyo friji ya soda, humu mna madume ya Friziani yanalala," naye akamjibu, "Nipe kikombe kimoja tu, hayo madume yako hayataamka," na alipewa, akarudi tena kuomba, akapewa tena, mpaka wiki moja baridi ikapungua mno mtungini, mbegu zikaharibika bila mtu kutambua, na kata nzima ya Mogitu ikasubiri ndama ambao hawakuja. Walipofunga ndoa kanisani Katesh tarehe 20 Septemba 1997, mfugaji mmoja wa Mogitu alisimama kwenye sherehe akasema, "Bibi harusi ndiye aliyekunywa baridi ya ng'ombe wetu, sasa na azae yeye kwa niaba yao," watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka mbele za watu, siku hiyo alicheka.

Kati ya mwaka 2001 na 2003 alirudi chuoni kwa shahada ya uzamili, na huko ndiko alikokutana na jambo ambalo halikumwacha tena mpaka mwisho. Jambo lenyewe, kama alivyolieleza jikoni kwake kwa yeyote aliyekuwa tayari kuacha chai yake ipoe, ni kwamba elektroni, zile chembe ndogo mno zinazobeba umeme, ukizirusha ndani ya gesi zisizopenda kuungana na kitu kingine, kama argoni, kriptoni na zenoni, hugonga atomu za gesi hiyo na kutawanyika, kama ambavyo kila mtu angetarajia. Lakini ukizipunguza mwendo, polepole, polepole zaidi, unafika mahali pamoja ambapo zinapita katikati ya atomu kana kwamba atomu hazipo, hazigongi wala hazipindi, zinatokea upande wa pili kama zilivyoingia, na ukizipunguza tena kupita hapo zinarudi kugonga. Hakupenda mtu aseme kwamba gesi zote za aina hiyo ziko hivyo, kwa kuwa heliamu na neoni haziko hivyo, na alipoulizwa sababu alisema kwamba elektroni siyo kokoto tu, ni wimbi pia, na kwa mwendo ule mmoja wimbi lililopita ndani ya atomu na lile lililopita nje hukutana hatua kwa hatua, hata haibaki alama yoyote ya kuonyesha kwamba kuna kitu kilichopitwa.

Bwana Lameck alipoelezwa mara ya kwanza aliuliza, "Kwa hiyo hiyo atomu ipo?", akajibiwa kwamba ipo, akauliza tena, "Na haijui kwamba imepitwa katikati?", akajibiwa kwamba haijui, ndipo akasema, "Basi hiyo ni habari ya kutisha, Mwalimu, usiwafundishe watoto kabla ya kulala." Tasnifu yake Mwalimu aliiandika kwa hesabu tupu, kwa kuwa chombo cha kupimia kilikuwa kimekufa muda mrefu, na siku ya kuaga, msimamizi wake alimpa zawadi ya taa moja ya kioo ya zamani yenye zenoni ndani, ndogo kuliko kidole gumba, akaileta Katesh na kuiweka kabatini, akisema ataipima siku akistaafu, kwa maana alitaka kuona kwa macho yake kile alichokuwa amekikokotoa.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Jenifa, aliyerithi jina la bibi yake, aliyezaliwa tarehe 2 Desemba 1998, ambaye leo ni muuguzi, na Maximilian, aliyezaliwa tarehe 9 Julai 2004, na ni kwa sababu ya Maximilian historia hii ilikuwa ngumu kuandikwa, kwa sababu inatubidi tuseme mbele yenu mama yake amemwacha au amemfuata, na mama mwenyewe hakukubali kusema mojawapo ya hayo hata alipoambiwa kwamba asiposema hatazikwa pamoja na wazazi wake.

Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, siku ambayo Katesh yote inaijua na haihitaji kuelezwa hapa, tope, mawe na magogo yalipoteremka kutoka mlimani, ng'ombe wa nyumbani kwao walipiga kelele, na Maximilian, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na kusubiri kwenda chuo, alitoka kwenda kuwafungulia. Mama yake alisimama mlangoni akaita, "Max, rudi ndani!", naye akajibu kutoka zizini, "Nakuja mama, nafungua tu kamba," kisha ule mngurumo ukafika, tope likagawanyika mbele ya nyumba, likapita kulia na kushoto, likaungana tena nyuma yake, na nyumba ikabaki imesimama na kikombe cha chai mezani hakijamwagika, lakini zizi halikuwepo, wala ng'ombe, wala mtoto. Walimtafuta kwa majembe, kwa mashine, kwa mikono, wanajeshi walitafuta, majirani walitafuta, wengine wengi walipatikana, akiwemo marehemu Bwana Mudathir mwenye duka, mume wa Bibi Zulfa, lakini Maximilian hakupatikana, wala kiatu chake, wala kipande cha shati lake, na hata utafutaji ulipokoma mama yake alibaki amesimama palepale akitazama.

Mwezi Machi 2024 Mwalimu aliomba kustaafu kwa hiari, akahamia pamoja na mumewe katika nyumba ya wazazi wake hapa Tumati, na wazee wa ukoo wakamjia kwa heshima kumweleza lililowapasa. Katika desturi yetu ya Kiiraqw, ambayo wengi wameiacha na wachache bado wanaishika, nyumba iliyofiwa na mtoto huingia metimani, yaani hutengwa, haichangii moto wala maji na majirani, watu wake hawaingii kwa wengine, mpaka siku yao itimie, wanyolewe, watakaswe, warudi kati ya watu; na pale ambapo mwili haukupatikana wazee walitaka nguo za kijana zizikwe badala yake, ili jambo liwe na mwanzo na mwisho. Lakini mlango wa kuingilia metimani ni kukiri kwamba mtoto amekufa, naye Mwalimu hakukiri, akawaambia wazee, "Nguo zake nimezifua, ziko kwenye kamba, zikikauka nitazikunja," na kwa kuwa hakuingia kwa mlango huo, haikuwepo siku ya kumtoa.

Mzee Patriki, msemaji wa wazee wetu, ambaye yuko hapa na ameruhusu haya yasemwe, alimwambia siku ile, "Mwanangu, anayelia tunamtenga halafu tunamrudisha, lakini wewe huna mahali pa kukushika," na ndivyo ilivyokuwa, maana watu walikutana naye njiani wakapita, si kwa chuki, walipita tu, salamu zake zikajibiwa na mtu ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kufika mbali, akina mama kisimani walimwacha achote peke yake, na yeye akatembea katikati ya kijiji alichozaliwa bila kumgusa mtu. Hatusemi hivi kumlaumu yeyote, kila mmoja alifuata alichofundishwa, na hata sisi wa nyumba yake hatukujua tumhesabu upande gani.

Mwezi Aprili mwaka huohuo aliitoa ile taa ya zenoni kabatini, akapanga betri na mita mbili kwenye meza ya marehemu mama yake, na Bwana Lameck akamletea baridi katika chupa ya chai. Kazi yenyewe ilikuwa ya subira, alipandisha volti kidogo kidogo ili elektroni ziende upesi zaidi kila mara, akasoma mkondo uliofika upande wa pili, kisha akazamisha kichwa cha taa ndani ya naitrojeni ili gesi yote igande kwenye kioo na taa ibaki kama tupu, akarudia kupima mwanzo hadi mwisho, mara taa ikiwa na gesi, mara ikiwa haina, akichora mistari miwili kwenye karatasi moja. Mistari ile ilikwenda mbali mbali, ikasogeleana, na mahali pamoja, karibu na volti moja, ikakaribiana hata kidole kisiweze kupita, kisha ikaachana tena, na Mwalimu akamwita mumewe shambani kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu Desemba, "Baba Jenifa, njoo uone, hapa mita haijui kama gesi imo au haimo!"

Bwana Lameck alitazama, akasema amefurahi kwamba hesabu zake za miaka ile zilikuwa sahihi, lakini mkewe hakuwa akifurahia hesabu, alikaa akiwa ameweka kidole pale mistari ilipokutana, akasema taratibu, "Nyumba ikiwa naye na nyumba ikiwa bila yeye, ukimya ni uleule, kwa hiyo ukimya hauwezi kunithibitishia kitu," mumewe akamwuliza, "Kwa hiyo utafanyaje?", naye akasema, "Kwenye taa nilibadilisha mwendo."

Kuanzia wiki hiyo kila Jumapili baada ya misa alipanda basi kwenda Katesh, akasimama pale zizi lilipokuwa, ambapo sasa nyasi zimeota juu ya tope, akavuka eneo lile kwa kutembea upesi, akarudi kwa mwendo wa kawaida, akavuka tena polepole, na polepole zaidi, mikono ikiwa wazi pembeni, kama mtu anayepita chumba chenye giza akiogopa kugonga kitu na akitamani kukigonga. Watoto wa mtaani walimcheka wakisema, "Mwalimu anapima upepo," na Bibi Zulfa, ambaye duka lake jipya liko ng'ambo ya barabara, aliwafukuza, akamtolea kiti na chai ya tangawizi, na ikawa desturi yao wawili kwamba Bibi Zulfa anauliza, "Haya Mama Max, leo umegonga?", naye anajibu, "Bado, Zulfa," kisha wanakunywa chai bila kulizungumza tena. Siku moja Bibi Zulfa alimwambia, "Mimi wangu nilimwosha kwa mikono yangu, nikamzika, na bado nikifunga duka namsikia akihesabu magunia, sasa sijui kati yetu nani ana nafuu," na Mwalimu akamjibu, "Wewe unajua unayemsikia yuko wapi."

Ugonjwa ulianza mwezi Septemba 2024 kwa maumivu ya tumbo na kupungua mwili, akatibiwa Mbulu, na mwezi Novemba akapelekwa hospitali ya rufaa, ambako madaktari walibaini saratani ya ini ikiwa imekwisha kuenea, wakamweleza ukweli kwa kuwa aliwauliza kwa namna isiyoruhusu kufichwa. Aliendelea kwenda Katesh hata hivyo, mwendo wake ukipungua kila Jumapili kwa sababu ya ugonjwa na si kwa kupenda, mpaka tarehe 23 Februari 2025, safari yake ya mwisho, alipovuka akiwa na fimbo, polepole kuliko alivyowahi kutembea, na katikati ya zile nyasi akasimama ghafla, mkono mmoja umenyooka mbele. Bibi Zulfa alidhani anaanguka, akavuka barabara mbio bila kuangalia magari, lakini Mwalimu akamwambia, "Subiri," wakasimama hivyo wote wawili, upepo ukatulia, na baada ya muda akaushusha mkono wake na kusema neno moja tu, "Nilidhani," na tangu siku hiyo hakusema mbele ya mtu yeyote ni nini alichodhani.

Mwezi Mei alipokuwa hatoki tena kitandani, Mzee Patriki alikuja akasimama uani, hakuingia, kwa kuwa desturi haikumruhusu, akasema kupitia dirishani, "Mwanangu Benedikta, sema neno moja tu, sema amekufa, tukuzike kando ya mama yako kama mtu, vinginevyo tutakuzika nje ya uzio wa makaburi, nami sitaki." Wote tuliokuwa chumbani tulimsihi, hata Jenifa binti yake alilia akisema, "Mama, sema tu, Max hatakasirika," na Mwalimu, ambaye sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana, alijibu, "Baba Patriki, mkitaka niseme yupo, siwezi, na mkitaka niseme hayupo, siwezi, nimepima kwa kila mwendo niliopewa, umebaki mmoja, na huo si wa miguu. Nikichimbiwa nje ya uzio nitalala nje, lakini yeye msimchimbie." Mzee akauliza, "Na huko uendako, ukimkuta?", naye akasema, "Huko sijapima, baba," kisha akafumba macho, na Mzee Patriki akabaki dirishani mpaka jua likageuka upande wa pili wa nyumba.

Marehemu alifariki dunia siku ya Alhamisi tarehe 22 Mei 2025, saa nne asubuhi, hapa nyumbani, mumewe akiwa amemshika mkono.

Juzi Jumamosi wazee walikaa kwa ajili ya kaburi lake, wengine wakisema desturi haina njia ya katikati, na ndipo Mzee Patriki aliposimama akasema, "Huyu amelia muda mrefu kuliko yeyote kati yetu, tena bila kupewa ruhusa ya kulia, na sisi tulimpita njiani kana kwamba hayupo, wakati alikuwepo, mimi sitampita tena," kisha akachukua jembe yeye mwenyewe, kwa umri wake, akaenda kupiga pigo la kwanza kando ya kaburi la Mama Jenifa, ndani ya uzio, na vijana wakamfuata. Kaburi lililochimbwa ni moja, na nguo za Maximilian ziko ndani ya nyumba zimekunjwa, hazitazikwa.

Kwa hiyo familia inatamka kama ifuatavyo: marehemu ameacha mume, Bwana Lameck Hermani, na binti mmoja, Jenifa, ametanguliwa na wazazi wake, Mzee Michael na Mama Jenifa, na yupo kijana wake, Maximilian, ambaye hatumtaji kati ya walioachwa wala kati ya waliotangulia, tunamtaja hapa, peke yake, kwa jina lake, na tunaomba mtu yeyote asituulize zaidi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbulu na wa hospitali ya rufaa waliomhudumia bila kumdanganya, walimu wenzake na wanafunzi wake wa Katesh walioleta jeneza na usafiri, Bibi Zulfa na jamaa wa Kiislamu wa Katesh waliopika tangu alfajiri, wafugaji wa Mogitu walioleta ng'ombe, majirani wa Tumati ambao tangu juzi mmeingia humu ndani mkakaa mkala pamoja nasi, Baba Paroko kwa misa, na wazee wetu kwa uamuzi ambao haukuwa mwepesi, na yeyote tuliyemsahau atusamehe, macho yetu bado hayaoni vizuri.

Benedikta, binti yetu, pumzika kwa amani, na ukimpata, sisi hatutajua, lakini wewe utajua.